Kusafiri Ziwa Tanganyika na Mtoto Ambaye Tumbo Lake Halipokei Kila Chakula

Mwanangu alikuwa na miaka mitatu tulipopanda boti Kigoma kwenda Kirando, upande wa kusini wa ziwa, kumwona bibi yake. Nilikuwa nimejiandaa kwa mawimbi, kwa joto na kwa kukesha. Nilibeba kanga nne na dawa ya homa. Chakula sikubeba, kwa kuwa niliambiwa chomboni kuna jiko. Asubuhi, nikiwa nimekwenda msalani, jirani yetu wa mkekani, mama mtu mzima mwenye upendo wake, alimpa mtoto kikombe cha chai ya maziwa na nusu chapati. Niliporudi alikuwa ameshamaliza, anacheka. Baada ya saa mbili tumbo lilijaa kama ngoma. Aliharisha mara sita kabla jua halijazama, kwenye chombo chenye choo kimoja na foleni isiyokwisha. Tuliambiwa tungefika jioni ile. Tulifika kesho yake asubuhi.

Tumesafiri njia hiyo mara kadhaa tangu siku ile na mtoto amefika mzima. Kilichobadilika ni namna ninavyojiandaa, na zaidi ya hapo, namna ninavyoongea na watu. Ninaandika kwa ajili ya mzazi wa Kigoma, wa Ujiji, wa Kasulu, au anayeshuka na treni kutoka Tabora ili apande chombo hapa mwisho wa reli, ana mtoto mdogo ambaye maziwa, ngano, mayai au karanga humletea shida.

Hatua ya 1: Jua kama ni mzio au ni tumbo kukataa

Haya mawili watu huyachanganya, na majini kuyachanganya ni hatari.

Tumbo kukataa chakula ni shida ya usagaji. Kwenye maziwa kuna sukari inayoitwa laktosi, na utumbo unahitaji kimeng'enya kiitwacho laktesi ili kuivunja. Kimeng'enya kikipungua, sukari hiyo inashuka mpaka utumbo mpana, bakteria wanaichachusha, na mtoto anapata gesi, maumivu na kuharisha. Kwa mtoto mdogo mara nyingi hali hii huja baada ya ugonjwa mkali wa kuhara uliochubua utando wa utumbo, na huweza kuisha baada ya wiki kadhaa utando ukipona. Mtoto wa namna hii anaumia, lakini kijiko kimoja cha chai ya maziwa hakimuui. Kiasi ndicho kinacholeta tofauti.

Mzio, au aleji kama wengi tunavyosema, ni kinga ya mwili kukosea na kupigana na protini ya chakula. Hapo kiasi kidogo sana kinatosha. Mtoto anaweza kutoka vipele vya kuwasha, kuvimba midomo na macho, kutapika, kukohoa na kubanwa kifua, wakati mwingine ndani ya dakika chache.

Kwa hiyo kabla ya safari nenda kliniki. Eleza mtoto alikula nini, dalili zilianza baada ya muda gani, na ilitokea mara ngapi. Mimi niliandika kwenye daftari la shule kwa wiki mbili, na daktari alisema daftari lile lilimsaidia kuliko maneno yangu. Kama unashuku ngano, usiitoe kwenye chakula cha mtoto kabla hajapimwa: kipimo cha damu cha ugonjwa wa gluteni, yaani protini iliyomo kwenye ngano, husoma vizuri wakati mtoto bado anakula ngano. Omba uandikiwe barua fupi yenye muhuri, itaje vyakula na dalili zake. Utaona mbele kwa nini muhuri ule una thamani.

Kuna ushauri wa mtaani ambao lazima niutaje kwa sababu nimeusikia mara nyingi: “mpe ya mbuzi”. Maziwa ya mbuzi yana laktosi, na protini zake zinafanana sana na za ng'ombe. Hayasaidii, si kwa tumbo kukataa wala kwa mzio. Mtindi una laktosi pungufu, na watoto wengine wenye tumbo la kukataa huuvumilia kidogo kidogo, lakini mwenye mzio wa maziwa asiuguse. Na kama mtoto bado ananyonya, endelea kumnyonyesha. Safari ni wakati mbaya kabisa wa kumwachisha.

Kama mtoto ana mzio mkali, aliwahi kuvimba au kushindwa kupumua, na huna sindano ya adrenalini uliyoandikiwa na kufundishwa kuitumia, mimi nisingempandisha chombo cha kulala majini. Kati ya kituo na kituo cha ziwa hili yanaweza kupita masaa mengi bila zahanati. Shuka kwa barabara kupitia Uvinza na Mpanda. Utachoka kwa vumbi, lakini gari linaweza kusimama penye hospitali.

Hatua ya 2: Uliza kabla ya kukata tiketi

Kwa miaka mingi mtu akisema meli ya Tanganyika alimaanisha MV Liemba, ile iliyojengwa Ujerumani, ikaletwa vipande vipande, ikaunganishwa hapa Kigoma na kuingia majini mwaka 1915. Siku hizi usafiri hutegemea chombo kipi kiko kazini na kipi kiko kwenye matengenezo, kwa hiyo habari za mwaka jana usizitegemee. Nenda bandarini mwenyewe. Ukitaka boti za upande wa kaskazini, za kwenda Gombe na Kagunga, nenda ufukweni Kibirizi.

Usiulize tu nauli na saa ya kuondoka. Uliza kama kuna jiko, nani anapika, na chakula kinapikwa kwa sufuria ngapi. Uliza kama abiria anaweza kupata maji ya moto, na saa ngapi. Uliza safari iliyopita ilichukua muda gani, siyo ratiba inasema muda gani. Swali hilo la mwisho linakupa jibu la kweli, kwa sababu mtu anakumbuka.

Angalia na majira. Kuanzia Mei hadi karibu Septemba upepo wa kusini huvuma kwa nguvu ziwani, na chombo kinachoelekea kusini hukutana nao uso kwa uso. Safari hurefuka, na chakula cha siku moja huisha wakati siku ya pili haijaanza.

Hatua ya 3: Mlishe chakula cha safari akiwa nyumbani kwanza

Siku tatu kabla ya kuondoka, mtoto ale kile kile utakachobeba, kutoka kwenye chombo kile kile, na kijiko kile kile. Hapo utagundua kwamba uji wa mchele ukipoa anaukataa, au kwamba viazi vitamu vikizidi vinamlegeza tumbo. Chakula kipya hakijaribiwi majini. Hata kama ni kizuri, hata kama daktari amekiruhusu.

Hatua ya 4: Funga mfuko wa chakula

Hesabu siku ulizoambiwa, kisha zidisha mara mbili. Kama ni siku moja, beba ya siku mbili. Kisichotumika utakula wewe.

Mfuko uwe wa kubeba mgongoni. Vituo vingi vya ziwa hili havina gati. Mitumbwi na boti ndogo hukutana na chombo kwenye kina, na watu hupanda na kushuka kwa kuvutwa mikono huku chombo kinayumba. Mkono mmoja wa mtoto, mkono mmoja wa kushikilia. Ndoo ya chakula haina mkono wa tatu. Nimeona kapu la mtu likienda na maji.

Ndani ya mfuko wangu kwa mtoto wa miaka mitatu hukaa:

– Unga wa uji kilo moja: mchele, au mahindi na ulezi. Hiyo inatosha siku nne bila kubana.
– Unga wa dagaa. Nachukua dagaa wetu wakavu, naosha mchanga, nakausha, nakaanga bila mafuta, natwanga na kuchekecha. Vijiko viwili kwenye uji au kwenye maharage. Mtoto asiyekunywa maziwa anahitaji kalsiamu, na dagaa anayeliwa mzima na mifupa yake anayo. Chakula hiki tunacho mlangoni, nashangaa tunavyokisahau.
– Chupa ndogo ya mawese. Kijiko kimoja kinaongeza nguvu kwenye uji mwepesi, na ule wekundu wake una vitamini A.
– Viazi vitamu vya kuchemsha na maganda yake, vya kula siku ya kwanza tu.
– Ndizi mbivu nyingi, na maparachichi mawili yanayoanza kulainika. Beba ndizi kuliko unavyodhani. Sababu iko Hatua ya 6.
– Chupa ya chai nzuri, inayoshika joto kweli.
– Sufuria ndogo yenye kifuniko, bakuli, kikombe na vijiko viwili vya mtoto peke yake. Nimefunga kitambaa chekundu kwenye kila mpini.
– Maji ya kunywa lita kumi yaliyochemshwa, na pakiti sita za ORS, ile dawa ya unga ya kukorogwa kwenye maji kwa anayeharisha.
– Barua ya kliniki ndani ya mfuko wa plastiki.

Sasa unga. Hapa ndipo wazazi wengi makini huanguka. Unga wa lishe unaouzwa sokoni huchanganywa vitu vingi: karanga, soya, wakati mwingine ngano au maziwa ya unga. Muuzaji anausifia kwa mchanganyiko huo huo unaomdhuru mwanao. Nunua nafaka, chambua, osha, anika, peleka mashineni mwenyewe. Na huko mashineni angalia aliyekutangulia anasaga nini. Kama katoka kusaga mchanganyiko wenye karanga au ngano, unga wake umebaki kwenye mashine na utatoka na wako. Mimi huenda Mwanga, hapa hapa mjini Kigoma, asubuhi mapema kuwa wa kwanza, na bado sahani ya kwanza ya unga unaotoka naiweka kando kwa ajili ya wakubwa. Kwa mtoto mwenye mzio mkali hata hilo halitoshi: twanga nyumbani kwenye kinu safi.

Ugali wa muhogo, ambao ndio ugali wetu, hauna ngano na hauna maziwa, lakini protini yake ni ndogo mno. Usimshibishe mtoto ugali na mchuzi mtupu siku mbili ukadhani amekula.

Biskuti za dukani nazo uziangalie. Pakiti nyingi zimeandikwa Kiingereza, kwa hiyo jifunze sura ya maneno hata kama husomi lugha hiyo: “milk”, “whey”, “casein” na “lactose” yote ni maziwa, “wheat” ni ngano, “egg” ni yai, “peanut” na “groundnut” ni karanga. Yaandike kwenye karatasi ulinganishe herufi kwa herufi dukani. Majarini ya kopo nayo wakati mwingine ina maziwa, japo watu wanaiita mafuta tu.

Kuhusu kuharibika: chakula cha majimaji kilichopikwa kikikaa kwenye joto letu zaidi ya saa mbili, mwaga. Wali uliopikwa asubuhi usimpe jioni, hata kama hauna harufu, kwa sababu kuna bakteria wa mchele ambao sumu yao haiondoki kwa kupasha moto. Uji kwenye chupa ya chai uwekwe ukiwa unachemka, na chupa iwe imesuuzwa kwa maji ya moto kwanza. Uliwe ndani ya masaa machache. Ndiyo maana nabeba unga mkavu na kupika kidogo kidogo. Jiko lako usiliwashe chomboni kamwe, la mkaa wala la mafuta ya taa.

Maji ya ziwa ni meupe, unaona mpaka chini, na wenyeji wengi tumeyanywa tangu utotoni. Usimpe mtoto bila kuyachemsha. Mwaka 2015, Kagunga ilipojaa wakimbizi kutoka Burundi, kipindupindu kilituonyesha ufukwe unavyoweza kugeuka kwa siku chache.

Hatua ya 5: Kutana na mpishi kabla ya moto kuwashwa

Panda mapema, tafuta jiko, salimia vizuri. Saa ya chakula ikifika mpishi ana sahani hamsini kichwani na hawezi kukusikiliza. Kabla ya hapo ni mtu mwenye nafasi.

Usimuulize “mna maziwa humu?” Atakujibu hapana, na atakuwa mkweli kwa anavyojua yeye, kumbe wali umetiwa majarini. Uliza: “Kaka, huu mchuzi mmeweka nini na nini?” Mwache ataje mwenyewe mpaka mwisho. Vitu vya kuvitegea sikio ni hivi. Kisamvu huungwa karanga mara nyingi kuliko kutoungwa. Chai huchemshwa na maziwa kwenye sufuria moja kubwa, kwa hiyo chai ya rangi inabidi itolewe kabla. Maandazi huweza kuwa na yai na maziwa pamoja na ngano. Mgebuka, samaki wa ziwa letu, akikaangwa hana shida, ila kama ameingia kwenye mafuta yaliyotoka kukaanga maandazi, au amepakwa unga wa ngano asishike kikaangoni, basi ana shida.

Kisha omba kitu kidogo na mahsusi. Mimi nasema: “Naomba maji yanayochemka, nusu sufuria hii, asubuhi na jioni. Uji nitakoroga mwenyewe.” Mpishi anaweza kukupa hilo bila kubadili kazi yake. Ukimwomba apike chakula maalumu atakubali kwa heshima, halafu atatumia mwiko ule ule, kwa sababu mwiko ni mmoja. Mwoneshe kitambaa chekundu: “Chenye kitambaa hiki ni cha mtoto mgonjwa.” Lishukuru jiko mwisho wa safari, kwa maneno na kwa chochote ulicho nacho. Utarudi na chombo hicho hicho.

Kama ugali umepikwa peke yake na maharage yamechemshwa kwa chumvi tu, mchotee mtoto kutoka katikati ya sufuria kabla vijiko vya wengine havijaingia. Hicho ni chakula kizuri, na kinakuokolea unga.

Hatua ya 6: Watu

Hii ndiyo hatua ninayotaka usome mara mbili. Kwenye chombo cha Tanganyika watu wanalala mkeka kwa mkeka, na mtoto ni wa wote. Nani ataona mtoto wa jirani anatazama akaendelea kutafuna? Andazi linatoka kushoto, karanga zinatoka kulia, na bibi wa mbele ana maziwa ya mgando kwenye kibuyu. Hakuna hata mmoja mwenye nia mbaya. Yule mama wa chai alikuwa mkarimu kuliko mimi siku ile, na niliposema kwa hasira “umempa nini mwanangu?” nilimwona akinyong'onyea. Alidhani namtuhumu kumlisha mtoto kitu kibaya. Kwetu kukataa chakula cha mtu kuna maana nzito, hasa chakula cha mtoto. Ni kama kusema nakuogopa.

Kwa hiyo anza wewe. Ukishatandika mkeka, kabla ya yeyote kutoa chochote, salimia majirani wote, mtaje mtoto, na useme hali yake: “Shikamoo bibi. Huyu ni mjukuu wako, tunakwenda Kirando. Tumbo lake halipokei maziwa wala ngano, zahanati wametukataza. Nawaomba mnisaidie kumwangalia.” Angalia maneno hayo. Huwakatazi, unawapa kazi. Yule yule ambaye angempa andazi atakuwa wa kwanza kumfokea mwingine: “Usimpe, huyo hali ngano!” Na neno “zahanati wametukataza” lina nguvu kuliko “sitaki”, kwa sababu halitoki kwako. Akibisha mtu, au akisema ni mambo ya watu wa mjini, toa barua. Muhuri huzungumza na hata asiyejua kusoma.

Akitoa mtu chakula pamoja na hayo yote, usikirudishe. Pokea kwa mikono miwili, shukuru, ule wewe. Ule mbele yake. Hapo amejua hukukikataa chakula chake. Kisha mpe mtoto ndizi, na mtoto wa mwenye chakula naye mpe ndizi. Ndiyo sababu ya ndizi nyingi. Mtoto anayekula peke yake katikati ya watoto wanaomtazama ni jambo baya, na mtoto anayetazama wenzake wakila naye hana kitu ni baya zaidi.

Mtoto mwenyewe mfundishe sentensi moja. Wangu alijifunza kusema “mpaka mama”. Akipewa kitu anakishika, halafu anakuja nacho: “mpaka mama”. Tulifanya mazoezi nyumbani na shangazi zake kwa wiki nzima kama mchezo. Mtoto wa miaka mitatu analiweza hilo. Wa mwaka mmoja na nusu hawezi, huyo abaki mgongoni au mapajani. Nimemshonea pia kipande cha kitenge mgongoni mwa shati, kimeandikwa kwa kalamu ya wino usiofutika: NIULIZIE MAMA KABLA YA KUNIPA CHAKULA. Watu hucheka wakikisoma, kisha wanauliza.

Usiku mpangie zamu. Mkilala wote, mtoto akaamka na njaa, mkono wa kwanza atakaouona ndio utakaomlisha.

Hatua ya 7: Tofautisha mawimbi na chakula

Mtoto akitapika, usikimbilie kulaumu chakula. Wachanga hawasumbuliwi sana na kuyumba kwa chombo. Kuanzia kama miaka miwili na kuendelea ndipo kichefuchefu cha safari huwashika watoto zaidi. Cha mawimbi huanza na mtoto kunyamaza, kupauka, kupiga miayo na jasho jembamba, na hupungua akilala au chombo kikitulia. Mweke katikati ya chombo ambako kunayumba kidogo, atazame milima ya ufukweni, ale kidogo kidogo vitu vikavu. Cha chakula huja na tumbo kujaa, gesi na kuharisha, na hakijali kama ziwa limetulia. Vipele na uvimbe kamwe havitokani na mawimbi.

Hatua ya 8: Likitokea

Tumbo likikataa na kuharisha kuanza, koroga pakiti moja ya ORS kwenye lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa. Pima kwa chupa ya lita, usikisie. Mtoto wa chini ya miaka miwili apewe mililita 50 hadi 100 kila baada ya choo chepesi. Wa miaka miwili na zaidi, mililita 100 hadi 200. Akitapika subiri dakika kumi, uanze tena kwa kijiko, taratibu. Kilichobaki baada ya saa 24 kimwagwe. Aendelee kunyonya na kula uji wake. Usimpe dawa ya kufunga kuhara ya watu wazima. Mwambie nahodha au baharia mapema kama mtoto macho yameingia ndani, hakojoi, analegea, hawezi kunywa, au choo kina damu. Huyo anashushwa kituo kinachofuata chenye zahanati, na safari inaishia hapo kwanza.

Ukiona dalili za mzio, yaani uvimbe wa midomo au ulimi, kukohoa na kukoroma, sauti kubadilika, au vipele pamoja na kutapika au kulegea, usisubiri uone itakuwaje. Kama una sindano ya adrenalini, choma kwenye paja kwa nje kama ulivyofundishwa, tena mara moja. Mlaze chali na miguu juu. Kama anapumua kwa shida mwache akae, lakini asisimamishwe wala kutembezwa. Dawa ya maji ya mzio hutuliza kuwasha. Haichukui nafasi ya sindano. Tuma mtu kwa nahodha wakati huo huo. Hata mtoto akipata nafuu, bado ashuke aonwe, kwa sababu dalili huweza kurudi baada ya masaa.

Vituoni, na kule unakokwenda

Chombo kikisimama, kama Ikola au Karema, wauzaji huja na samaki, ndizi, mihogo na vitumbua. Nunua vyenye ganda, umenye mwenyewe: ndizi, chungwa, muhogo mbichi wa kuchemsha ukifika. Samaki wa kukaanga huwezi kujua mafuta yake yalipitia nini. Huyo mle nyie wakubwa.

Kuna jambo moja hufanywa kabla ya kuondoka ingawa faida yake huonekana mwisho. Mpigie simu mwenyeji ukiwa bado Kigoma, maana ukishapita chini ya milima ya Mahale mtandao huja na kupotea. Bibi anayemsubiri mjukuu ameshaomba maziwa kwa jirani na ameshapanga chapati. Mweleze polepole, mwambie mtoto anakula nini, siyo tu asichokula, ili naye apate cha kuandaa.

Safari yetu ya mwisho mama mkwe alikuwa ufukweni na kanga yake begani. Alimpokea mjukuu kutoka kwenye mtumbwi, akambusu, akamweka chini. Mfukoni alikuwa na kitu kimefungwa kwenye karatasi. Kabla ya kukifungua alinigeukia.

“Mama, asali je? Anakula?”

Ameshapita mwaka mmoja, nikamwambia, anakula.